Mashua ya futi 26, Dunga: HP 40 ya mguu mfupi, HP 15 mpya, au mota ya umeme?

NyarDunga

Hamjambo nyote. Nauliza kwa niaba ya chama chetu cha akina mama wa Dunga, Kisumu, tunaokaanga na kuuza samaki pale ufuoni. Tumeweka akiba mpaka tukapata mashua yetu wenyewe, kutoka kwa fundi wa Usenge. Ni Sesse, mashua ya mbao ya ziwa hili, ya mkia bapa, futi 26 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na upana wa katikati unapita futi 5 kidogo. Mkuku wake, yaani uti wa chini, ni mti mmoja wa mvule, mbao za ubavuni ni za aina mbili, maungio yote yamesindiliwa pamba. Nimekaa ndani yake asubuhi nzima nikitafuta panapovuja: ni pahali pamoja tu karibu na tezi, na fundi ameahidi kuparudia.

Tunataka kuvuka wenyewe hadi Kendu Bay na fuo za jirani, tununue ngege na mbuta kwa wavuvi bila dalali, turudi barafu ikiwa bado barafu. Kwa sasa vijana wawili wanapiga makasia. Wanajitahidi sana, lakini samaki wa mchana hamsubiri mtu, na tukichelewa wateja wa hoteli wanakuwa wameshanunua kwingine.

Mbele yetu kuna njia tatu. Mtu wa Homa Bay anauza injini ya HP 40 (nguvu za farasi 40) iliyotumika, ya mguu mfupi, na bei yake iko karibu sawa na HP 15 mpya dukani. Hiyo HP 15 mpya ndiyo ya pili, ni ya mipigo miwili, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli. Ya tatu ni mota ya umeme ya kukodi, betri ikiisha unabadilishiwa nyingine. Nimesikia ziko upande wa Mbita. Halafu baba mdogo wangu, aliyevua Asembo tangu ujana wake, anasema tuweke tanga tuachane na moshi.

Tutachagua ipi? Na huo mguu mfupi maana yake nini kwa mashua kama yetu? Pia tunaogopa gugu maji. Kila mtu hapa anatuambia litaua injini mwaka wa kwanza.

Jaboti_254

Chukua hiyo 40. Nguvu ikiwepo unaweza kuipunguza, isipokuwepo huwezi kuiongeza. Mbona muumize vichwa.

FundiMota_Kotieno

Dada NyarDunga, usitoe hata shilingi kabla hujapima ubao wa nyuma, ule ambao injini inashikwa. Ninatengeneza injini za boti hapa Luanda Kotieno, na zaidi ya nusu ya malalamiko ninayoletewa yanaanzia kwenye ubao huo, wala si ndani ya injini. Ndugu Jaboti, naelewa unachosema, lakini kwa mashua hii sikubaliani nawe, na nitaeleza sababu.

Injini hizi ndogo huja na miguu ya namna mbili. Mfupi ni wa ubao wa inchi 15, mrefu ni wa ubao wa inchi 20. Chukua tepu, anzia juu ya ubao pale injini inapong'ata, ushuke wima hadi usawa wa chini kabisa ya mkuku. Hicho ndicho kipimo. Ukitazama injini yenyewe, juu kidogo ya propela utaona bamba pana lililolala. Bamba hilo linatakiwa liwe sawa na chini ya mkuku, au lizame inchi moja zaidi, basi. Likiwa juu ya hapo, propela inafanya kazi kwenye maji yaliyovurugwa na mkuku, inanyonya hewa, injini inapiga kelele na mashua haisogei. Baya zaidi, tundu la kunyonya maji ya kupozea liko hapo hapo chini. Wimbi likipita, tundu linabaki hewani, na injini inapata joto bila wewe kujua.

Fundi wa Usenge akijenga mkia bapa wa futi 26, ubao wake mara nyingi uko karibu na inchi 20. Ukining'iniza mguu mfupi hapo, watakushauri ukate ubao uushushe. Usikubali. Mchana, upepo wa ziwa ukishaamka, mawimbi ya ghuba yetu ni mafupi na ya kufuatana, na mnaporudi Dunga yatawajia kutoka nyuma. Ubao uliokatwa unayakaribisha ndani. Sitaki kusoma habari zenu kwenye gazeti.

Sasa nguvu. Mashua ya kubeba mzigo haiparazi juu ya maji kama boti nyepesi ya faiba, inayasukuma. Ikitembea inaunda wimbi omoni na jingine tezini. Kadiri mwendo unavyozidi, wimbi linarefuka, mpaka linalingana na urefu wa mashua, na kuanzia hapo mashua inapanda kilima cha maji ilichokijenga yenyewe. Mabaharia wana hesabu yake. Chukua urefu unaogusa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, unapata mwendo kwa noti. Tuseme mashua yenu inagusa maji futi 24. Kipeuo ni karibu 4.9, jibu ni kama noti 6.6. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo tunazungumzia kilomita 12 kwa saa. Injini ya HP 15 yenye propela inayofaa inaweza kuwafikisha hapo mkiwa na mzigo wa kiasi. HP 40 itawaongezea mwendo kidogo sana juu ya huo. Itakachoongeza ni wimbi kubwa nyuma, tezi kudidimia na omo kuinuka hadi nahodha haoni mbele.

Na mafuta. HP 15 ya mipigo miwili ikifunguliwa yote hunywa lita 5 hadi 7 kwa saa. HP 40 hupita 15. Dunga hadi Kendu Bay kwa maji ni kama kilomita 25, saa 2 na dakika chache kwa mwendo huo. Piga hesabu ya kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, uone faida ya ngege inaishia wapi. Uzito nao usiusahau: HP 15 iko chini ya kilo 40, watu wawili wanaibeba hadi nyumba ya kuhifadhia. HP 40 inakaribia kilo 70 au kupita, yote ikining'inia kwenye ubao mmoja, nyuma kabisa, karibu na pale ulipoona panavuja.

Gugu maji. Ni kweli linaua injini, lakini linaua ya mtu asiyetazama. Injini hizi hazina rejeta. Ndani ya mguu kuna feni ndogo ya mpira, impela, inayonyonya maji ya ziwa na kuyapandisha yazunguke kichwani mwa injini kisha yatoke. Sehemu ya maji hayo hutoka kwa mshipa mwembamba pembeni, ndiyo tunasema injini inakojoa. Yule kijana wa injini kazi yake ya kwanza ni kutazama mkojo huo. Ukipungua au ukiwa mvuke, zima papo hapo, inua mguu, ondoa mizizi ya gugu au mfuko wa plastiki uliofunika tundu. Akisema "tufike kwanza", ufike wenu utakuwa wa makasia. Impela ni kitu cha bei ndogo, badilisha kila mwaka bila kungoja iharibike, kwa sababu maji ya upande wa Kisumu yana tope na tope linaisaga. Na kamwe msiwashe injini nchi kavu kuijaribu bila maji, mpira unaungua ndani ya muda mfupi sana.

Jambo moja ambalo watu hawalisemi, na linaniuma kwa sababu naliona kila wiki: nyuzi za nyavu. Uzi wa nailoni ukinaswa na propela unajizungusha kwenye shafti nyuma yake, unakata sili, ile raba ya kuzuia maji, na maji yanaingia kwenye giaboksi polepole. Hamtasikia chochote hadi gia zimeliwa. Vueni propela mara kwa mara mtazame. Fungueni skrubu ya chini ya giaboksi, mwone oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia, ileteni kabla ya safari nyingine.

Hiyo HP 40 ya Homa Bay hata ingekuwa ya bure ningesema iacheni. Pima ubao, uniletee jibu hapa.

Min_Usenge

Mwenzangu NyarDunga, hongereni sana. Mimi nina mashua mbili za omena hapa Usenge, na nimefurahi kusikia akina mama wanamiliki chombo na si kungoja ufuoni na ndoo.

Fundi amemaliza ya injini, mimi nasema ya mwenye mali. Andikeni daftari la mafuta. Lita ngapi zimeingia, mwendo wa wapi, zimebaki ngapi. Si kwa kumshuku mtu. Daftari ndilo litakalokuonyesha injini inaumwa, maana ikianza kunywa zaidi kwa njia ile ile, kuna kitu: plagi zimechoka, propela imepinda, au tumbo la mashua limeota majani. Mimi huipandisha mashua mchangani tukaikwangua tumbo, na tofauti naiona kwenye mtungi wa petroli.

Injini isilale majini. Huku kwetu injini huibwa usiku, na mwizi wa ziwani huja kwa mashua na kuondoka kwa mashua, hakuna alama ya mguu ya kufuata. Weka mnyororo na kufuli pia mkiwa safarini, siyo skrubu za mkono peke yake, kwa sababu mtikisiko huzilegeza na injini inaweza kuruka ikazama. Andika namba ya injini mahali pawili.

Ile kamba fupi nyekundu ya kuzimia injini, anayeshika usukani aifunge mkononi. Kila mara. Vijana wataiona ni usumbufu. Akianguka majini na injini ikaendelea, mashua huzunguka na kumrudia, propela ikiwa mbele yake. Kwenye mashua zangu asiyeifunga hashiki injini, na hilo halina mjadala.

Jaketi za kujiokolea ziwe za watu wote walio ndani, na zivaliwe, zisikaliwe kama mito. Kamilisheni usajili na BMU ya Dunga, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo, namba iandikwe omoni.

Kuhusu mota ya umeme, wanaovua omena usiku upande wa Mbita wanaisifu. Haina kelele, na safari zao si ndefu. Sijui kama itawafaa nyinyi wa kuvuka.

FundiMota_Kotieno

Mama Min_Usenge umesema kweli tupu, hasa hiyo kamba.

Nijibu ya umeme kwa hesabu, kwa sababu sitaki ionekane naipinga kwa kuwa natengeneza za petroli. Mota ya umeme ni kitu kizuri. Haina kabureta, haina plagi, haimwagi oili ziwani, na tukiendelea hivi vijana wangu watalazimika kujifunza kuitengeneza, nami nawahimiza. Lakini betri ina kipimo chake. Mota ikivuta kilowati 2 kutoka kwenye betri ya kilowati-saa 5, una saa 2 na nusu. Kilowati 2 ni chini ya HP 3, kwa kuwa HP moja ni wati 746. Kwa mashua yenye mzigo hiyo itakupeleka polepole, labda nusu ya mwendo nilioutaja. Kwa omena wanaotoka, wakatia nanga, wakawasha taa na kurudi asubuhi, inatosha vizuri sana. Kwa kilomita 25 za kwenda na 25 za kurudi, mna haja ya betri kadhaa, au kituo cha kubadilisha upande wa Kendu Bay. Hicho kikiwepo, ulizeni tena, jibu langu linaweza kuwa tofauti.

Mwanamaji_Amu

Asalaam aleikum. Mimi ni wa Lamu, ila nimeozwa Kisumu, nipo Nyalenda mwaka wa tatu sasa. Mashua za huku nazipenda, na kila jioni nateremka Dunga kuzitazama zikirudi.

Dada yangu, baba yako mdogo msikilizeni. Sisemi muache injini. Nasema wekeni mlingoti hata ukiwa mfupi, na tanga la pembetatu na foromali yake, ule mti unaobeba tanga, kwa sababu upepo wa ghuba hii unakwenda sawasawa na safari yenu. Usiku na alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kuanzia adhuhuri hugeuka, ukaja kutoka ziwani kuelekea Kisumu, na alasiri una nguvu. Kendu Bay iko kusini magharibi yenu. Mkitoka alfajiri mna upepo wa nyuma, mkirudi alasiri mna upepo wa nyuma tena. Wavuvi wa zamani hawakuwa wajinga, walipanga siku yao kwa upepo. Mkitweka tanga mkapunguza injini hadi nusu, lita mtakazookoa zitaonekana kwenye daftari la Mama Min_Usenge.

Ila mjue mipaka yake. Mashua yenu ina mkuku wa kina kifupi. Kwa upepo wa nyuma na wa ubavuni itakwenda. Kubisha, yaani kuukata upepo wa mbele kwa kwenda joshi huku na kule, haitaweza ipasavyo, itakuwa inasukumwa upande kuliko inavyokwenda mbele. Upepo ukiwa mbele, teremsheni tanga na foromali, muwashe injini.

Henza, ile kamba ya kupandishia foromali, isifungwe fundo la kudumu. Ifungwe fundo la kufyatuka kwa mvuto mmoja, na mtu mmoja awe karibu nayo wakati wote. Ngurumo za huku hazipigi hodi. Nimeona wingu likitoka upande wa Kisian na kabla watu hawajamaliza kuulizana, maji yameshakuwa meupe. Demani nayo, kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, ishikwe kwa mkono, isifungwe kwenye taruma (mbavu za ndani za mashua) wala kwenye kiti. Upepo ukizidi unaiachia, tanga linapepea, mashua inasimama wima. Ukiifunga, mashua haina la kufanya ila kulala.

Mkiwa kwa tanga bila injini mtahitaji kitu cha kuongozea. Kwa kuwa mkia ni bapa, fundi anaweza kuweka usukani wa kuvuliwa wenye kana, yaani mpini, ya mti, lakini utagombana na injini kwa nafasi. Nyinyi tumieni kasia refu kwenye tundu la pembeni tezini, inatosha.

Na huo uvujaji wa tezi usiupuuze. Sisi husema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani, na maji nayo ni hivyo: yaingie popote, yatakusanyika ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Mtu mmoja awe na upo, chombo cha kuchotea, kazi yake kufua maji, si kungoja miguu ilowe. Na mkitoa pamba ya zamani pale, msiweke mpya mbao zikiwa zimelowa.

MzeeWaGati

Binti yangu NyarDunga, nimesoma yote. Nilifanya kazi gatini Kisumu tangu wakati wa shirika la Afrika Mashariki, nikastaafu zamani. Hawa vijana wamekushauri vyema.

Nataka kuongeza jambo la mzigo, kwa sababu watu hutazama injini wakasahau shehena. Hapa Kisumu tumeona kila namna ya nguvu. Meli ya William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Scotland, ikaunganishwa hapa na kuingizwa majini mwaka 1900, kabla hata reli haijafika 1901. Ilikuwa ya mvuke. Usoga na Rusinga zikafuata mwaka 1913 na 1914, za mvuke pia. Victoria ya mwaka 1961 ilikuwa ya dizeli, kisha Uhuru ya kuvusha mabehewa ya reli. Mvuke ulihitaji watu wengi chini kwenye joto, na saa nyingi za kuwasha boila kabla ya safari. Dizeli unaiwasha na kung'oa nanga. Lakini meli ya mvuke na meli ya dizeli zote zilikuwa na sheria moja. Ikiwa tupu, hujaza maji kwenye matangi yake ya chini ili ikae imara na propela izame. Ikiwa na mzigo, mzigo unapangwa chini na katikati.

Kwenye mashua yenu ni hivyo hivyo. Masanduku ya barafu yakae chini, kati, yafungwe kwa kamba yasitambae. Usiweke sanduku juu ya sanduku. Mtu wa injini akiwa tezini na mtungi wa petroli uko hapo, basi watu wengine waelekee mbele kidogo, mashua ilale sawa. Mkiwa Kendu Bay na samaki ni wa bei nzuri, mtatamani kuongeza kreti moja. Pakeni alama ya rangi ubavuni, leo, mkiwa hamna tamaa: maji yakifika hapa, hatupakii tena. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa watu kupita kiasi, mamia wakafa, na ilikuwa meli ya chuma, yenye nahodha. Nilikuwa najua baadhi ya mabaharia wa upande ule. Sijawahi kuisahau siku hiyo, ndiyo maana nakusisitizia alama ya rangi.

NyarDunga

Wazee wangu, mama, ndugu zangu, asanteni. Nimeyasoma haya mbele ya chama chote, na aya ya Mzee imesomwa mara mbili. Alama tumeipaka jana, ya njano, pande zote mbili. Tuliweka mawe yenye uzito wa mzigo wetu, na baba mdogo akaonyesha tukome wapi. Mimi ningeweka juu zaidi. Yeye akaishusha upana wa kiganja, hakuna aliyembishia.

Fundi, nimepima. Kutoka juu ya ubao hadi usawa wa chini ya mkuku ni inchi 20 na nusu. Ubao wenyewe ni mnene inchi moja na robo, umepigiliwa misumari. Mwenye HP 40 nimemwambia hapana. Yule wa dukani ana HP 15 ya mguu mrefu, ataileta wiki ijayo. Mlingoti tutaweka, baba mdogo ameshaanza kutafuta mti, na ndugu Mwanamaji tafadhali akija Dunga aulize kibanda cha akina mama wa chama, tunataka atuonyeshe hilo fundo la kufyatuka kwa mikono yetu.

Ninalouliza sasa: huo ubao wa misumari utashika? Na tuanze vipi na injini mpya?

FundiMota_Kotieno

Inchi 20 na nusu na mguu mrefu, mmekaa pazuri kabisa. Bamba litakuwa juu ya chini ya mkuku kwa nusu inchi hivi, kwa hiyo fundi apunguze nusu inchi hadi inchi moja pale katikati tu, upana wa mabano ya injini, si ubao mzima. Hiyo si ile kata niliyoikataza, pembe zinabaki juu.

Misumari haitoshi. Injini haining'inii tu pale, inausukuma ubao mbele na kuupinda kila wimbi linapoinua propela. Apachike ubao wa pili ndani, wa mvule au mti mwingine mgumu, mnene inchi moja na nusu au zaidi, ushuke hadi ushike mkuku, na pembeni uwekewe magoti ya mti yanayoshika ubavu. Vyote vifungwe kwa bolti zinazopita upande hadi upande, na washa pana ndani na nje, matundu yapakwe rangi kabla bolti hazijaingia ili mti usioze kutoka ndani. Afanye hivyo kwanza, kisha arudie pamba ya tezi, kwa maana kazi hiyo itatikisa maungio yale yale. Injini ikishakaa, zaidi ya zile skrubu mbili za mkono, tumia yale matundu ya bolti yaliyoko kwenye mabano, halafu mnyororo wa Mama Min_Usenge.

Kuianza: saa 10 za mwanzo msiifungue yote kwa muda mrefu, badilisheni mwendo, polepole kwa dakika kadhaa, katikati kwa dakika kadhaa. Oili iwe ya injini za boti, ile yenye alama ya TC-W3, msidanganywe na oili ya pikipiki. Katika saa hizo mchanganyiko ni 25 kwa 1, yaani mililita 800 za oili kwa lita 20 za petroli. Baada ya hapo ni 50 kwa 1, mililita 400 kwa lita 20 zile zile. Kijitabu cha injini kikisema tofauti, fuateni kijitabu. Changanyeni kwenye mtungi safi nchi kavu, mtikise, mpitishe kwenye chujio la kutenga maji wakati wa kumimina, kwa sababu petroli ya mitungi ya ufuoni huwa na maji chini. Mbebe plagi mbili za akiba, spana yake, pini ya propela na kamba ya kuwashia, vyote kwenye mkebe usioingia maji uliofungwa chini ya kiti cha tezi.

Siku ya kuifunga mniambie. Nitakuja Dunga, nauli yangu ni samaki wa kukaanga.